Kuchagua chuo cha shahada ya uhandisi kemikali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo wanaomaliza sekondari, na wazazi wao, huyarudia kila msimu wa udahili. Yanaanzia mambo ya msingi na kuishia kwenye hali za pekee. Jambo likishaelezwa mahali fulani halirudiwi. Utaelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Uhandisi kemikali una tofauti gani na kemia?

Mkemia hutafuta namna ya kutengeneza dutu fulani. Mhandisi kemikali hutafuta namna ya kuitengeneza kwa tani, kila siku, bila kuumiza mtu na bila kiwanda kula hasara.

Chukua mmenyuko unaotoa joto. Kwenye chupa ya lita 1 hausumbui, maana joto hutoka lenyewe kupitia kuta za chupa. Sasa kuza chombo hicho mara 10 kwa urefu, upana na kimo: ujazo unakuwa mara 1,000, lakini eneo la kuta linaongezeka mara 100 tu. Joto linalozalishwa hufuata ujazo, linalotoka hufuata eneo. Mmenyuko uliokuwa mpole juu ya meza ya maabara sasa unaweza kulipua jengo. Kujua joto hilo litaondolewaje, kwa pampu ya nguvu gani, kwenye mabomba ya kipenyo gani, na itakuwaje umeme ukikatika saa nane usiku, hiyo ndiyo kazi.

Kwa sababu hiyo kemia yenyewe ni sehemu ndogo ya kozi kuliko wengi wanavyodhani. Hisabati, fizikia ya mtiririko na joto, na usanifu wa mitambo huchukua muda mrefu zaidi. Kama raha yako ni kuunda molekuli mpya na kuchambua sampuli, soma kemia, wala usione umejishusha.

2. Nimekubaliwa na vyuo viwili. Nianze kulinganisha wapi?

Acha kulinganisha vyuo, linganisha kozi. Chuo kikuu chenye sifa duniani kote kinaweza kuwa na idara ya uhandisi kemikali iliyochoka, na chuo ambacho jirani yako hajawahi kukisikia kinaweza kuwa na idara ya kuonewa wivu.

Mpangilio ninaoushauri ni huu: kwanza ithibati (swali la 5), kwa sababu ikikosekana mengine hayana uzito. Kisha gharama halisi hadi siku ya kuhitimu (swali la 20). Baada ya hapo miaka miwili ya mwisho ya mtaala, hasa mradi wa usanifu (maswali ya 12 na 13), na mafunzo viwandani (swali la 18). Jina la chuo libakie la mwisho, la kuamulia pale mengine yanapolingana.

3. Kozi moja inaitwa uhandisi kemikali, nyingine uhandisi wa michakato, nyingine uhandisi kemikali na biolojia. Ni kitu kimoja?

Mara nyingi ndiyo. Ujerumani kozi hii huitwa Verfahrenstechnik na Ufaransa génie des procédés, na majina yote mawili yanazungumzia michakato bila kutaja kemikali popote. Vyuo vingi vya Marekani vimeongeza neno la biolojia kwenye jina la idara kwa sababu ya ajira katika viwanda vya dawa na uchachushaji.

Kipimo ni masomo yaliyomo. Ukikuta mizania ya maada na nishati (hesabu ya kinachoingia na kinachotoka), thamodinamiki (sayansi ya joto na nishati), mtiririko wa vimiminika, upitishaji joto, utenganishaji, uhandisi wa mimenyuko, udhibiti wa michakato na usanifu wa mtambo, hiyo ni kozi yenyewe hata ikiitwa vipi. Kuwa mwangalifu na kozi za "teknolojia ya kemikali" au "kemia ya viwandani". Nyingine ni nzuri sana kwa kazi ya maabara ya kiwanda, ila hazikupi ustadi wa kusanifu, na bodi za wahandisi huenda zisikusajili.

4. Je, mtaala si ule ule kila mahali?

Kwa miaka miwili ya kwanza, karibu ni ule ule, na kuna sababu ya kihistoria. George Davis alitoa mihadhara ya fani hii mjini Manchester mwaka 1887, na mwaka uliofuata chuo cha MIT cha Marekani kikaanzisha kozi yake. Mwaka 1915 Arthur D. Little akaeleza wazo lililoipa fani uti wa mgongo: kiwanda chochote, kiwe cha sukari, mafuta au rangi, ni mfululizo wa shughuli zile zile chache kama kukeneka (kutenganisha vimiminika kwa kuvichemsha na kuupoza mvuke), kuchuja, kukausha na kusaga. Mwanafunzi akizijua hizo, anaweza kuingia kiwanda chochote. Vyuo vikajenga mitaala juu ya wazo hilo, na bado imesimama hapo.

Tofauti huanza mwaka wa tatu, kwenye masomo ya hiari, maabara kubwa na mradi wa mwisho. Huko ndiko kwa kuchunguza.

## Ithibati na usajili

5. Ithibati ni nini, na kwa nini nianze nayo?

Ithibati ni uthibitisho wa chombo huru cha kitaaluma kwamba kozi inamfikisha mhitimu kiwango anachopaswa kuwa nacho mhandisi. Marekani kazi hiyo hufanywa na ABET. Kwa uhandisi kemikali wa Uingereza na kozi nyingi nje yake kuna IChemE, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1922. Ulaya bara kuna alama ya EUR-ACE. Nchi nyingine zina bodi zao.

Watu wengi hukosea jambo moja hapa: ithibati ya aina hii hupewa kozi, haipewi chuo. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa na serikali, kina miaka mia moja, na uhandisi wake wa umeme una ithibati, huku uhandisi kemikali hauna. Usiridhike na kauli ya "chuo chetu kina ithibati" kwenye kipeperushi. Fungua tovuti ya chombo chenyewe, tafuta jina la kozi, kampasi, na miaka ambayo ithibati inahusu. ABET huzipitia upya kozi kwa mzunguko usiozidi miaka 6, na huzitaka zitangaze hadharani kila mwaka idadi ya waliojiunga na waliohitimu. Takwimu hizo zisome. Darasa linaloanza na watu 120 na kumaliza na 35 lina jambo la kuelezwa.

6. Nikisoma nchi moja, nitaweza kufanya kazi ya uhandisi nchi nyingine?

Angalia kama nchi utakayosoma na ile unayotaka kufanyia kazi zote zimo kwenye Mkataba wa Washington. Ulitiwa saini mwaka 1989 na vyombo vya nchi 6: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia na New Zealand. Baadaye zikaingia nyingine, zikiwemo Afrika Kusini (1999), Japani (2005), Malaysia (2009), India na Sri Lanka (2014) na China (2016). Wanachama wanakubaliana kwamba shahada ya uhandisi iliyopewa ithibati na mmoja wao inalingana na za wengine.

Yapo masharti matatu yanayosahaulika. Mkataba unatambua elimu tu. Mitihani ya usajili, uzoefu wa kazi na kibali cha kuishi ni mambo mengine. Pia utambuzi kwa kawaida huanzia mwaka nchi ilipojiunga. Na si kila kozi ya nchi mwanachama imo: India, kwa mfano, ni kozi zilizopewa ithibati katika vyuo vya daraja la kwanza pekee.

7. Kozi ni mpya na bado haina ithibati. Niikimbie?

Si lazima. ABET haiwezi kuikagua kozi kabla haijatoa mhitimu hata mmoja, kwa hiyo kila kozi mpya lazima ipite kipindi hicho. Uliza idara imeomba ithibati lini, wakaguzi wanatarajiwa mwaka gani, na kama ikipatikana itawahusu waliohitimu kabla. Idara iliyojipanga inayo majibu kwa maandishi. Ukijibiwa "mchakato unaendelea" na hakuna tarehe hata moja, mimi ningechagua chuo kingine.

8. Kuna shahada za miaka 3, 4 na 5. Ipi ni bora?

Hesabu jumla ya safari badala ya shahada moja. Nchi nyingi za Ulaya hufuata mfumo wa Bologna: miaka 3 ya shahada ya kwanza, kisha 2 ya uzamili. England shahada ya uhandisi, BEng, huchukua miaka 3, na ile iliyounganishwa na uzamili, MEng, huchukua 4. Scotland ni mwaka mmoja zaidi kwa zote mbili. Marekani kawaida ni miaka 4.

Tofauti inajitokeza kwenye usajili. Kwa IChemE, MEng yenye ithibati inatimiza sharti la elimu la kuwa mhandisi kamili aliyesajiliwa, wakati mwenye BEng hulazimika kuongeza masomo ya kiwango cha uzamili. Kama mkopo wako au ufadhili wako unagharamia shahada moja tu, MEng inaweza kukuokoa.

## Orodha za ubora na jina la chuo

9. Orodha za vyuo bora duniani zina maana gani kwangu?

Ndogo kuliko unavyoambiwa. Orodha ya Shanghai hutoa asilimia 30 ya alama kwa kuangalia tuzo za Nobel na medali za Fields (za hisabati) za wahitimu na wahadhiri. Mwanafizikia aliyeshinda tuzo miaka ishirini iliyopita anaipandisha nafasi ya chuo, lakini hatakufundisha kusanifu mnara wa kukeneka. Orodha ya QS nayo hutegemea sana maoni ya wanataaluma kuhusu sifa ya chuo, na mengi ya maoni hayo yanahusu utafiti.

Kama lazima utumie orodha, tumia ya somo husika badala ya ya chuo kizima, na uitumie kwa makundi. Kati ya nafasi ya 40 na ya 60 hakuna tofauti ambayo mwanafunzi wa shahada ya kwanza ataihisi darasani. Kati ya kilicho kwenye orodha na kisichotajwa kabisa, inawezekana ipo, lakini hata hapo rudi kwenye swali la 5.

10. Idara yenye watafiti wakubwa si ndiyo inayofundisha vizuri?

Inaweza kuwa hivyo, au profesa mkubwa akawa anaonekana mara mbili kwa muhula na mazoezi yote yanasimamiwa na wanafunzi wa uzamivu. Utafiti mkubwa humfaa mwanafunzi wa shahada ya kwanza pale anaporuhusiwa kuingia humo. Uliza swali moja lenye jibu linaloweza kupimwa: mwaka jana, ni wanafunzi wangapi wa shahada ya kwanza walifanya kazi kwenye maabara za utafiti za idara, na walilipwa au walijitolea? Anayetaka kuendelea hadi uzamivu alipe jibu hilo uzito mkubwa. Anayetaka kiwanda, swali la 18 ni muhimu zaidi.

11. Waajiri wanaangalia jina la chuo?

Kampuni kubwa huwa na vyuo vichache zinavyovitembelea kila mwaka kuajiri, na ukiwa kwenye kimojawapo mlango uko karibu zaidi. Orodha hiyo haifanani na orodha za ubora. Mara nyingi inafuata umbali wa kiwanda na mahali mameneja wa sasa waliposoma. Ofisi ya ajira ya chuo inajua ni kampuni gani zilikuja mwaka jana. Waombe majina, wasikupe tu ile asilimia ya "walioajiriwa ndani ya miezi sita", ambayo humhesabu pia anayeuza duka. Baada ya kazi ya kwanza, jina hufifia haraka.

## Ndani ya kozi

12. Nisome nini kwenye mtaala, na nitajuaje kama ni mzuri?

Pakua mtaala kamili, ule wenye maelezo ya kila somo, kisha anza kuusoma kutoka mwisho. Tazama mhitimu anamaliza na nini, urudi nyuma kuona amefikishwaje hapo.

Mizania ya maada na nishati inafaa ifundishwe mapema, mwaka wa kwanza au mwanzoni mwa wa pili, na idara yenyewe. Ni somo linaloonekana rahisi: kinachoingia, toa kinachotoka, jumlisha kinachozalishwa. Lakini hapo ndipo wengi hugundua kama wanaiweza fani au la, na kulijua hilo mwaka wa tatu ni kuchelewa. Udhibiti wa michakato uwe wa lazima. Takwimu pia, maana kiwandani hakuna kipimo kisicho na kosa. Tafuta somo la uchumi wa mitambo, kwani mhandisi asiyeweza kukadiria gharama huishia kutetea mawazo yake kwa hisia.

Kisha hesabu masomo ya hiari yaliyofundishwa kweli mwaka uliopita. Vitabu vya mwongozo hupenda kuorodhesha masomo ishirini ya hiari ambayo kumi na mbili hayajafunguliwa tangu mhadhiri wake astaafu. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho atakuambia ukweli kwa dakika tano.

13. Mradi wa usanifu ni nini, na kwa nini unatajwa sana?

Mwaka wa mwisho kikundi cha wanafunzi hupewa kazi ya mtindo huu: sanifu mtambo wa kuzalisha tani kadhaa za bidhaa fulani kwa mwaka. Wanachagua njia ya uzalishaji, wanafanya mizania ya mtambo mzima, wanachora mchoro wa mabomba na vyombo vya kupimia, kila mmoja anasanifu kwa kina kifaa kimoja (riakta, yaani chombo cha mmenyuko, mnara, kifaa cha kubadilishana joto), wanakadiria gharama, kisha wanachambua hatari. Masomo yote ya nyuma hukutana hapo, na kwa maoni yangu ndicho kipimo bora kuliko vyote cha kulinganisha idara mbili.

Omba kuona ripoti ya miaka iliyopita, hata kurasa chache. Kwenye ripoti nzuri utakuta uamuzi na sababu yake: kwa nini chuma hiki na si kile, kwa nini shinikizo hili, nini kilijaribiwa kikashindikana. Kwenye mbovu utakuta kurasa mia mbili zilizochapishwa moja kwa moja kutoka kwenye programu ya kompyuta. Uliza pia nani anasimamia. Idara nyingine huwaita wahandisi waliopo kazini au waliostaafu waje kuhoji michoro ya wanafunzi. Mtu aliyewahi kuamshwa usiku kwa sababu vali imekwama huuliza maswali ambayo mhadhiri hayafikirii.

14. Nikitembelea chuo, maabara niikague vipi?

Usihesabu vifaa vipya. Tafuta dalili za matumizi. Mtambo wa majaribio unaotumika una sakafu yenye alama za maji, mabomba yenye vibandiko vilivyoandikwa kwa mkono, daftari la kumbukumbu lenye tarehe za wiki hii, na angalau kifaa kimoja kimefunguliwa kinatengenezwa. Mnara wa kukeneka unaong'aa, kamba ya kuzuia wageni mbele yake, na vumbi kwenye geji, huo ni wa kupigia picha.

Kisha uliza: wanafunzi wangapi kwa kikundi kimoja? Watatu au wanne, kila mtu atashika vali. Wanane, watano wataangalia. Wapo wenye mitambo mikubwa kweli. Imperial College ya London ina mtambo wa kunasa kaboni unaopanda ghorofa kadhaa, na wanafunzi huuendesha. Lakini mtambo mdogo unaoendeshwa na wewe una faida kuliko mkubwa unaoendeshwa na fundi ukiwa umesimama nyuma ya mstari wa njano.

Kuna dalili nyingine ninayoipenda: chama cha wanafunzi kinachoshiriki mashindano ya Chem-E-Car, yaliyoanza Marekani mwaka 1999. Kigari kidogo hutembea kwa nguvu ya kemikali na kusimama kwa mmenyuko, hakina breki, na umbali na mzigo hutangazwa muda mfupi tu kabla ya mashindano. Ni mchezo, lakini idara inayowapa wanafunzi chumba, pesa kidogo na mhadhiri wa kuwasimamia kwa jambo hilo, hata kwenye masomo haitawatupa.

15. Programu za kompyuta ni kigezo?

Kidogo. Aspen Plus na HYSYS, programu za kuiga mitambo kwenye kompyuta, zimeenea viwandani, na chuo kikiwa na leseni ni vizuri. Chuo kisicho na leseni kinaweza kutumia DWSIM, ambayo ni ya bure, na mantiki yake ni ile ile. La kuuliza ni kama wanafunzi hufundishwa kuandika programu zao, kwa Python au MATLAB, na kama hutakiwa kuhakiki kwa mkono majibu ya kompyuta. Programu itakupa jibu hata ukichagua modeli isiyofaa, na jibu hilo litakuwa na desimali sita.

16. Usalama unafundishwa kama somo, au ni mhadhara mmoja?

Uliza, kwa sababu vyuo vinatofautiana. Tarehe 19 Desemba 2007 riakta ya kampuni ya T2 Laboratories ililipuka Jacksonville, Florida, na watu 4 wakafa. Mfumo wa kupoza ulishindwa, haukuwa na wa akiba, na mmenyuko ukakimbia, yaani joto likapanda bila kudhibitika. Wachunguzi wa serikali waliona kampuni haikuwa imeitambua hatari hiyo, na wakapendekeza elimu ya hatari za mimenyuko iingizwe kwenye shahada. Leo vigezo vya ABET vya uhandisi kemikali vinataja waziwazi hatari za michakato.

Kozi nzuri ina somo kamili la usalama wa michakato, na uchambuzi wa HAZOP (kuupekua mtambo sehemu kwa sehemu kutafuta hatari) hufanywa ndani ya mradi wa usanifu ungali haujakamilika. Ukifanywa baada ya michoro kufungwa, ni kujaza fomu.

17. Nichague chuo kwa tawi ninalolipenda: mafuta, dawa, chakula, maji, betri?

Kwa shahada ya kwanza, hapana, isipokuwa vyuo viwili vinalingana kwa mengine yote. Faida ya fani hii ni upana wake (tazama swali la 4), na wengi hubadili tawi baada ya mafunzo ya kwanza kiwandani. Kozi iliyojaa masomo ya sekta moja hukuweka pabaya sekta hiyo ikiyumba. Ubobezi una nafasi yake kwenye uzamili.

## Mafunzo viwandani

18. Mafunzo kwa vitendo yana uzito gani?

Mkubwa, na hapa vyuo vinatofautiana kama usiku na mchana. Kuna vinavyomwachia mwanafunzi atafute mwenyewe wiki nane za likizo. Kuna vinavyomtafutia mwaka mzima. Kuna vinavyopishanisha muhula wa darasani na wa kazini tangu mwanzo, kama Waterloo ya Kanada, ambako uhandisi wote husomwa kwa mtindo huo. MIT ina mpango wa uzamili ulioanza mwaka 1916 unaowapeleka wanafunzi viwandani na mhadhiri wao, kutatua matatizo ya kiwanda kwa muda uliopangwa.

Uliza mambo manne: ni ya lazima? Chuo kinatafuta nafasi au wewe? Yanalipwa? Wanafunzi wa kigeni wanaruhusiwa na viza yao? La mwisho limewaangusha wengi, wakabaki chuoni wakati wenzao wako kiwandani.

19. Chuo kiko mbali na viwanda. Ni tatizo?

Kama kina mkataba wa kudumu na kampuni na kinasaidia usafiri na makazi wakati wa mafunzo, hapana. Kama hakina, ndiyo, ni tatizo, na mandhari nzuri ya kampasi hayatalitatua.

## Pesa na mazingira

20. Chuo kimoja kina jina, kingine kimenipa ufadhili. Nifanyeje?

Kozi zote mbili zikiwa na ithibati, mimi huegemea kwenye ufadhili. Masharti yake lakini yasome neno kwa neno. Ufadhili mwingi hufutwa wastani ukishuka chini ya kiwango fulani, na mwaka wa pili wa uhandisi kemikali, thamodinamiki na mtiririko vikikutana, wastani wa karibu kila mtu hushuka. Uliza ni wangapi waliouanza ufadhili huo na kuumaliza.

Piga hesabu hadi kuhitimu: ada ya miaka yote pamoja na ongezeko la kila mwaka, makazi, bima, na muhula wa ziada. Muhula wa ziada uuhesabu kweli. Masomo ya fani hii yamefungana, na ukifeli moja linalofundishwa mara moja kwa mwaka unaweza kusubiri mwaka mzima.

21. Darasa kubwa au dogo?

Mihadhara ya watu mia mbili haina shida kama kuna vipindi vya mazoezi vya watu ishirini. Idara ndogo ina joto la kifamilia, ila mhadhiri mmoja akiondoka anaweza kuondoka na somo. Tazama ratiba ya vipindi vya mazoezi badala ya kuulizia wastani wa wanafunzi kwa mhadhiri.

## Hali za pekee

22. Sina uhakika kati ya uhandisi kemikali na uhandisi mitambo. Nichague chuo gani?

Kile chenye mwaka wa kwanza wa pamoja kwa wahandisi wote. Lakini uliza kama kuchagua fani baada ya mwaka huo ni haki yako au ni ushindani wa alama. Vingine vinaweka kikomo cha nafasi, na unaweza kujikuta kwenye fani usiyoiomba.

23. Hisabati yangu si nzuri sana. Niachane nayo?

Utahitaji kalkulasi na milinganyo ya tofauti kila wiki kwa miaka. Anayeiogopa lakini anafanya mazoezi huweza, anayeichukia atateseka. Chagua chuo chenye kituo cha msaada wa hisabati na chenye mitihani midogo ya mara kwa mara, ili usigundue umezama wakati wa mtihani wa mwisho.

24. Ninaweza kuhamia chuo kingine baada ya mwaka mmoja au miwili?

Baada ya mmoja, mara nyingi ndiyo. Baada ya miwili unaweza kupoteza muda, kwa sababu mpangilio wa masomo ya fani hutofautiana na chuo kipya kinaweza kukurudisha nyuma kwa somo moja tu lililokosekana. Kabla ya kuhama pata kwa maandishi ni masomo yapi yatakubaliwa, na utaingia mwaka wa ngapi. Hifadhi maelezo kamili ya kila somo ulilosoma. Nakala ya matokeo pekee haitoshi.

25. Kuna shahada hii kwa masomo ya mtandaoni?

Ni chache. Chuo Kikuu cha North Dakota, Marekani, hutoa yenye ithibati ya ABET, na mwanafunzi hulazimika kufika chuoni majira ya joto kufanya maabara. Kozi inayodai kukupa shahada ya uhandisi kemikali bila kugusa kifaa hata kimoja, iache.

26. Nina shahada ya kemia. Nikisoma uzamili wa uhandisi kemikali nitakuwa mhandisi?

Utafanya kazi za uhandisi, na wengi wanafanya. Usajili ni habari nyingine, maana bodi nyingi hutazama shahada ya kwanza. Tafuta uzamili wenye masomo ya kuziba pengo kwa waliotoka fani nyingine, na kabla ya kulipa ada iandikie bodi ya nchi unayotaka kufanyia kazi. Jibu lao lihifadhi.

27. Chuo ninachokitaka zaidi hakijajibu, na kingine kinadai jibu wiki hii.

Iandikie ofisi ya udahili ya kile kinachodai na uombe siku za nyongeza; vingi hutoa wiki moja au mbili kwa anayeomba kwa adabu na mapema. Siku hiyo hiyo ulizia kile kingine lini watajibu. Nyongeza ikikataliwa, lipa amana ya kushikilia nafasi kama unaweza kuipoteza, baada ya kusoma kama hurudishwa. Angalia pia kanuni za mfumo ulioombea, kwa sababu mingine hairuhusu kushikilia nafasi mbili kwa pamoja, na adhabu yake ni kupoteza zote.